Mama, mpeleke mtoto mbio za udongoni, ila kwanza mfunike masikio

SEHEMU YA 1: Leo nesi wenu anaongelea magari

Leo tunatoka nje ya wodi kidogo. Tunaenda uwanjani.

Kwa sisi tunaoishi Iowa, miezi ya joto ikifika kuna jambo linaendelea kila wikiendi, tena si mbali na nyumbani, na wengi wetu tunalisikia kama muungurumo wa mbali tu. Ni mbio za magari kwenye udongo. Siongelei zile za kwenye televisheni, zenye lami na madereva matajiri. Naongelea zile za miji midogo, uwanja uko pembeni ya mashamba ya mahindi, dereva ni fundi bomba wa mtaa wa pili, na mkewe ndiye anayemshikia tochi akikaza boliti.

Mara nyingi baba au mtoto anataka kwenda, mama anasema hapana. Sababu zenu nazijua, mnaniandikia. Kelele. Vumbi. Hatari. Na ile ya nne ambayo huwa mnaisema kwa sauti ya chini: "Pale ni pa Wazungu, nesi."

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Nendeni. Wapelekeni watoto, watafaidi. Lakini mama anayeogopa kelele haogopi bure. Kelele za pale zinaweza kumwachia mtoto tatizo la masikio ambalo hakuna hospitali itakayolirudisha nyuma. Kwa hiyo mada hii ina pande mbili na naomba tusigawane. Baba asije akasoma sehemu ya 2 mpaka ya 4 akakimbilia tiketi. Na mama asije akaruka moja kwa moja hadi ya 5 akafunga mlango.

Nyie mlio nyumbani, Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, msiondoke. Sehemu ya masikio inawahusu pia, mtaona.

SEHEMU YA 2: Ni kitu gani hasa

Uwanja una umbo la yai. Mingi, mzunguko mmoja ni kati ya robo maili na nusu maili, yaani kama mita 400 hadi 800. Chini ni udongo wa mfinyanzi. Kabla ya mbio boza la maji linapita kulowesha, halafu magari yanazunguka polepole kuushindilia, kama bibi zetu walivyoshindilia sakafu ya udongo. Ukikauka sana ni vumbi tupu, ukilowa sana ni tope. Kuuandaa ni ujuzi wa mtu, na udongo wenyewe haukai vilevile. Njia iliyokuwa nzuri saa moja jioni, saa tatu usiku imeshakuwa ngumu na inateleza, dereva inabidi atafute nyingine. Ndiyo maana anayeongoza mwanzoni hana uhakika wa kitu.

Magari ni ya ngazi mbalimbali. Ngazi ya chini kabisa ni vigari vya silinda nne, ndugu wa hivi tunavyoendea kazini. Vioo vimetolewa, viti vimetolewa kasoro cha dereva, ndani kimechomelewa kizimba cha vyuma cha kumlinda gari likipinduka. Ngazi ya juu kuna magari yanayoitwa sprinti. Hayo ndiyo yaliyoipa jina Knoxville. Nasema Knoxville yetu ya Iowa, kama maili 40 kusini mashariki ya Des Moines, msiichanganye na ile ya Tennessee. Ni mji wa watu wasiofika elfu kumi, lakini kila Agosti, tangu mwaka 1961, hufanyika pale mashindano makubwa ya magari hayo, na mashabiki wanatoka mpaka Australia. Jumamosi za kawaida za majira ya joto ni mbio za kila wiki, za watu wa hapahapa.

Sprinti ni kitu cha ajabu. Injini ya yale makubwa ina nguvu za farasi kama 900, na gari pamoja na dereva wake ni kama kilo 640 tu. Linganisha na gari dogo la familia: farasi 150 hivi, na uzito zaidi ya tani moja. Juu lina bawa kubwa kama meza, linaloligandamiza chini lisiruke. Na halina hata stata. Linasukumwa na pikapu mpaka liwake. Ndiyo, gari la farasi 900 linasukumwa kama daladala iliyokufa betri!

Kwenye kona sasa, hapo ndipo mtoto atasimama juu ya benchi. Gari linakata kona ya kushoto huku matairi ya mbele yameelekezwa kulia, nyuma linaserereka, udongo unaruka. Dereva hayumbi kwa bahati mbaya. Ndivyo linavyoendeshwa.

Usiku hugawanywa vipande vifupi. Kwanza mchujo, kila mmoja dakika chache, halafu fainali ya kila ngazi. Kwa mwenye watoto wadogo hili ni jambo kubwa, maana mtoto hatulii saa tatu mfululizo. Hapa anatazama dakika tano, anakula popokoni, anauliza maswali kumi, anatazama tena. Na kwa kuwa uwanja ni mdogo, anaona kila kitu kutoka kwenye kiti chake. Waliokulia Kenya wanaijua Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Ile ni tamu, lakini unakaa juani saa nzima, gari linapita mara moja, fyuu, umebaki na vumbi lake. Hapa gari linapita, na baada ya sekunde chache limerudi tena mbele yako.

SEHEMU YA 3: Kinachovutia ni ukaribu

Kama umewahi kutazama ndondo, mpira wa mtaani, utanielewa upesi. Kwenye ndondo mfungaji wa goli ni kinyozi wako. Kesho unakaa kwenye kiti chake anakusimulia. Mbio za udongoni ni ndondo ya magari.

Wengi wanaokimbia pale wana kazi zao siku tano za wiki. Gari linalala gereji ya nyumbani, linatengenezwa usiku baada ya chakula. Fundi ni shemeji, mhesabu muda ni binti, anayeosha tope ni babu. Viwanja vingi, mbio zikiisha, wanawaruhusu watazamaji kuingia walipoegeshwa magari. Mtoto wako anafika mbele ya mtu aliyemwona sasa hivi akiserereka kwenye kona, amevua helmeti, uso mzima tope isipokuwa alipovaa miwani. Anamsalimu. Anaruhusiwa kugusa tairi. Nani mwingine maarufu mtoto wako anaweza kumfikia hivyo?

Kuna kanuni moja nimeipenda sana. Chama kinachoitwa IMCA, kilichoanzishwa mwaka 1915 na makao yake yako hapahapa Iowa, kilikuja na ngazi ya magari ambayo, ukimaliza nyuma ya mshindi, ulikuwa na haki ya kuidai injini yake kwa bei ndogo iliyoandikwa kwenye kanuni. Mshindi akikataa, anaadhibiwa. Fikiria akili hiyo! Nani atanunua injini ya pesa ndefu huku akijua anaweza kunyang'anywa usiku huohuo kwa bei ya chee? Kanuni ile ililinda mtu wa kipato cha kawaida. Iliwaambia wenye pesa: njooni, karibuni, ila hamtanunua ushindi.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonigusa zaidi. Wengi wa baba zetu huku walikuwa mafundi kwao. Walikuwa wanafungua injini Bukavu, Kigoma, Bujumbura. Wamefika Iowa, wako kiwanda cha nyama, wamesimama sehemu moja saa nane, mwendo uleule. Wanarudi wamechoka, wanalala. Lugha ya barua za shule anaisoma mtoto, simu ya benki anaipokea mtoto. Taratibu mtoto anaanza kuamini kuwa baba hajui kitu. Hamsemi, lakini mnaliona, na linaumiza nyumba.

Mpeleke baba huyo uwanjani na mwanawe. Gari likipita, baba anasema, "Sikia, silinda moja haichomi." Mzunguko wa tatu gari linatoa moshi, linatoka pembeni. Mtoto anageuka kumtazama baba yake kwa macho mapya. Hapo hakuna Kiingereza kinachohitajika. Injini inaongea lugha moja Knoxville na Kigoma.

Na mtoto anaona jambo jingine ambalo simu haimwonyeshi. Anaona mtu mzima anashindwa mbele za watu. Gari limegongwa, bodi imekunjika, kazi ya wiki nzima imeharibika kwa sekunde mbili. Yule mtu anatupa glavu chini, amekasirika. Halafu anaokota nyundo. Watu wa timu nyingine wanakuja kumsaidia kunyoosha bodi ili awahi fainali. Mimi huwa nawaambia akina mama kuwa uvumilivu mtoto haupati kwa kuhubiriwa. Basi, pale anauona ukifanyika.

SEHEMU YA 4: "Pale ni pa Wazungu"

Sitawadanganya. Ukienda uwanja mdogo wa kijijini huku, uwezekano ni mkubwa kuwa familia yenu itakuwa miongoni mwa familia chache nyeusi, au peke yenu. Mtaangaliwa. Mara nyingi ni mshangao tu, na ukitabasamu unarudishiwa. Lakini sitasema kwamba hakuna mahali utajisikia vibaya, maana ningekuwa nakudanganya.

Ninachokataa ni neno "pa". Pale si pa mtu fulani. Na historia ya udongo huo inasema hivyo, tena kwa uchungu.

Mwaka 1963, tarehe 1 Desemba, dereva mweusi anaitwa Wendell Scott alishinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR mjini Jacksonville, Florida. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo, nusu maili. Alikuwa fundi kutoka Danville, Virginia, aliwahi kuendesha teksi, gari lake alilitengeneza mwenyewe, na wanawe ndio walikuwa timu yake. Siku ile aliwaacha wenzake wote kwa mizunguko miwili, lakini bendera ya ushindi hakupewa. Alitangazwa mwingine, dereva mzungu, ndiye aliyekabidhiwa kombe. Saa kadhaa baadaye, watu wameshatawanyika, wakubwa wa mbio wakasema walikosea kuhesabu, mshindi ni Scott. Alifariki mwaka 1990. Mwaka 2021 ndipo NASCAR ilipoikabidhi familia yake kombe la ushindi ule. Miaka 58 kulisubiri kombe la siku moja!

Wanawake nao msijitoe. Mbio za kwanza kabisa za ngazi hiyo ya juu ya NASCAR, tarehe 19 Juni 1949, zilifanyika kwenye uwanja wa udongo Charlotte, North Carolina. Kati ya madereva alikuwepo Sara Christian, mwanamke, akachuana nao. Binti yako akiuliza kama wasichana wanaruhusiwa, mwambie walikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu ninaposikia mama anasema "pale si petu", nafikiria kiingilio alichokilipa Scott. Alikilipa kwa ajili ya wengi. Watoto wetu wanazaliwa hapa. Iowa ni kwao, kuliko ilivyo kwetu sisi tuliokuja watu wazima. Wakifundishwa nyumbani kuwa mahali fulani pa nchi yao si pao, watakua wakiomba ruhusa ya kuishi.

Ushauri wangu ni wa kawaida. Mara ya kwanza nendeni familia mbili tatu pamoja. Ulizeni kazini nani huwa anaenda, utashangaa, yule mama wa mapokezi ana shemeji anayeshindana. Atawaambia mkae wapi. Na mkifika mahali pakawa na maneno ya hovyo, ondokeni. Kuondoka si kushindwa. Viwanja ni vingi.

SEHEMU YA 5: Masikio (baba, hii ni ya kwako pia)

Ule ukaribu niliousifu ndio huohuo unaoumiza. Uko karibu na dereva, kwa hiyo uko karibu na injini yake.

Sauti tunaipima kwa desibeli. Wataalamu wa afya za wafanyakazi hapa Marekani, taasisi ya NIOSH, wanashauri mtu mzima asizidishe saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85. Sasa sikilizeni hesabu yake. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu.

Desibeli 85: saa 8.
Desibeli 88: saa 4.
Desibeli 91: saa 2.
Desibeli 94: saa 1.
Desibeli 97: dakika 30.
Desibeli 100: dakika 15.

Vipimo vilivyofanywa kwenye viwanja vya mbio za magari vimekuta kelele ikivuka 100. Jumlisha mwenyewe michujo na fainali za usiku mmoja. Muda wa salama unaisha mapema, na mmekuja na begi la chakula cha usiku mzima. Tena hesabu hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu mzima aliye kazini, haikupangwa kwa mtoto wa miaka miwili.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika, ubongo unapata habari. Kelele kali inavilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Ikiwa ya kiasi, vinasimama tena. Ikiwa kali au ya muda mrefu, seli zinakufa. Na kwa binadamu, zikifa haziti tena. Ngozi inaota, mfupa unaunga, ini linajitahidi. Seli hizi, hapana. Ukifika hospitali sisi tutakupima, tutakuelekeza, tutakutafutia kifaa cha kusikia, lakini zilizokufa hatuzirudishi.

Ubaya wake ni kwamba hakuna maumivu ya kukushtua. Mtoto halii. Anacheka, amefurahi, anarudi nyumbani amelala begani. Baadaye unaona anaongeza sauti ya televisheni. Mwalimu anasema hasikilizi darasani. Wewe unamwita mkaidi, kumbe herufi kama "s" na "f" hazimfikii vizuri. Mtoto anayejifunza lugha mbili au tatu kwa pamoja kama wa kwetu anazihitaji herufi hizo zote.

Kipimo cha bure: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, kelele hiyo tayari ni ya kuziba masikio. Na mkitoka mkabaki na mlio wa "ziiii" au masikio kama yamejaa pamba, hiyo ni dalili kwamba masikio yamezidiwa. Sikio likiziba ghafla na kesho yake bado halijafunguka, nenda hospitali, usisubiri wiki.

Nyie wa nyumbani sasa. Hesabu hii haibagui chanzo cha kelele. Spika za harusi unapowekwa meza ya mbele na mtoto mgongoni, ngoma za usiku, spika za kanisani zilizowekwa kando ya benchi la watoto, zote ziko humo. Huhitaji gari la mbio ili kumharibu mtoto masikio.

SEHEMU YA 6: Mama wa maandalizi

Haya, tumekubaliana mnaenda. Hivi ndivyo ningewapanga.

Mjamzito. Hapa sina kona kona: baki nyumbani. Ukiziba masikio yako unajilinda wewe tu. Sauti nzito inapita tumboni, na mtoto aliye ndani hana cha kujizibia. Msimu ujao upo.

Mtoto mchanga. Mimi kwa maoni yangu aliye chini ya mwaka mmoja asiende. Vifunika masikio vya watoto wachanga vipo madukani, lakini mtoto anageuza kichwa, anavuta, vinahama, wewe uko kwenye kona ya nne na gari linaserereka. Bibi au jirani akae naye.

Mwaka mmoja na kuendelea. Anunuliwe vifunika masikio vikubwa vya kukaa juu ya sikio lote, vile kama hedifoni, saizi ya watoto. Sharti ni kimoja, avivae tangu injini ya kwanza kuwaka hadi ya mwisho kuzimwa. Mzoeze nyumbani siku tatu nne kabla, avae huku unapiga blenda. Akivikataa kabisa, hamwendi. Usimfunge kwa nguvu, na usiseme "leo tu".

Viziba vya sponji. Vizuri kwa wakubwa, si kwa wadogo, wanaviweka mdomoni na vinaweza kuwapalia. Kuvivaa kuna namna yake: kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie nusu dakika kitanuke. Kikiwa kimechungulia nje chote, kinakulinda kidogo sana. Pamba haizibi kelele. Tishu pia haizibi. Vidole vinachoka.

Mahali pa kukaa. Msikae chini karibu na uzio, hata kama ndipo watoto wanapataka. Pandeni juu, mbali na kona. Udongo unaruka na vijiwe vyake, na kelele inapungua kadiri mnavyosogea mbali.

Pumu. Mwenye pumu aende na pampu yake mfukoni mwa mama, haisaidii ikiwa kwenye gari. Upepo ukigeuka ukaleta vumbi kwenu, hameni upande. Akianza kukohoa mfululizo au kifua kulia, mkono wa kwaheri.

Kwa mafundi. Mkiruhusiwa kuingia baada ya mbio, mshike mtoto mkono. Mabomba ya moshi bado yanaunguza. Na sprinti hutumia methanoli, mafuta ambayo moto wake mchana karibu hauonekani, na ambayo ni sumu yakinywewa. Mtoto asishike wala kuokota chupa yoyote pale, hata ikifanana na ya maji.

Na maji, kofia, sweta ya usiku. Hizo mnajua wenyewe.

SEHEMU YA 7: Kwa wanaosema tunawafundisha watoto mwendo kasi

Baba mmoja huwa ananiambia, "Nesi, mwishowe kijana atataka kukimbiza gari langu barabarani." Hoja yake naiheshimu. Na mchezo huu ni wa hatari kweli, umeshaua madereva, wakubwa kwa wadogo. Ukimpeleka mtoto, ujue huenda siku moja akaona gari limepinduka na uwanja mzima umenyamaza.

Lakini hebu mwonyeshe kijana kinachofanyika kabla gari halijawaka. Anayekimbia pale amefungwa mikanda kila upande, ana helmeti, ana nguo zisizoshika moto upesi, amezungukwa na vyuma, zimamoto na gari la wagonjwa viko tayari, na bendera ya njano ikipepea wote wanapunguza mwendo papo hapo, bila ubishi. Halafu mwulize, barabarani hayo yako wapi? Mtoto aliyeona maandalizi hayo ana sababu ya kuuheshimu mwendo kasi. Anayeujua kupitia mchezo wa simu tu haoni gharama yake, maana kule ukigonga unabonyeza unaanza upya.

Kwa wenye viwanja nina ombi, na nitalituma kwa Kiingereza pia. Mnatangaza bei ya soda kila nusu saa. Tangazeni na masikio. Wekeni vifunika masikio vya watoto getini, vya kukodi kwa dola chache, karibu na wanapokata tiketi. Mzazi mgeni hawezi kujua asichoambiwa. Mnataka familia mpya kwenye majukwaa yenu, basi wasaidieni watoto wao waendelee kuwasikia.

Na kwenu mama zangu: wikiendi za joto ni chache huku, mnajua. Kifaa cha kumlinda mtoto kinauzwa bei ya pizza moja au mbili. Kinunue kwanza, tiketi baadaye. Halafu mwache baba amweleze mtoto kwa nini silinda ile haichomi, na wewe ukae juu kabisa ya jukwaa, masikio yamezibwa, mguu juu ya mguu, kwa mara moja bila mtu kukuuliza chakula kiko wapi.

Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Na kama kuna mama unayemjua anaenda wikiendi hii, mtumie sehemu ya 5 na ya 6 kabla hajafika getini.

Nesi wenu.